UZI: Taa za pointi kwenye treni za mfano, waya utoke kwenye ulimi wa reli, usitoke kwenye swichi

#1 Mwenye uzi

Wakuu habari za muda huu. Maswali ya taa za pointi kwenye treni za mfano yamekuwa mengi na majibu yametapakaa huku na kule, nimeona bora nifungue uzi mmoja tumalizane hapahapa, mwenye swali aulize, mwenye ujuzi zaidi aongeze.

Kwa wageni kwanza. Pointi ni pale reli moja inapogawanyika kuwa mbili. Ukiangalia kwa karibu utaona ndimi mbili nyembamba za chuma zimeshikwa na kijiti kimoja, kijiti kikivutwa huku ulimi mmoja unabana reli ya pembeni na treni inanyooka, kikivutwa kule unabana ulimi wa pili na treni inakata kona. Ndo hichohicho kilichopo Tabora pale njia ya Mwanza inapoachana na ya Kigoma, tofauti ni ukubwa tu. Mimi niko Birmingham natumia kipimo cha OO, reli ya milimita 16.5, ulimi unatembea kama milimita mbili hivi, sasa ukiwa umesimama mwisho wa meza, pointi iko kule mwisho mwingine na kuna jengo la stesheni limekukinga, hizo milimita mbili huzioni. Ndo maana tunaweka taa kwenye paneli ya kuongozea.

Hoja yangu kwenye huu uzi ni moja: taa ya pointi ifuate ulimi wa reli, isifuate swichi. Paneli nyingi ninazoziona taa inawaka kwa sababu mtu kapiga swichi, basi. Yaani taa inakuambia wewe uliamuru nini, na hilo unalijua tayari maana mkono ni wako. Unachotaka kujua ni pointi yenyewe imefanya nini.

Reli kubwa walishalifikiria hili kitambo. John Saxby alipata hataza ya kufungamanisha pointi na ishara mwaka 1856 kule Uingereza, na baada ya ajali ya Armagh ya Juni 1889 sheria ikatoka mwaka huohuo ikaipa serikali nguvu ya kuzilazimisha kampuni za reli kufungamanisha. Na mpaka leo kwenye reli kubwa ishara haifunguki kwa sababu tu mtu kavuta wenzo au kabonyeza kitufe, inasubiri kifaa kilichofungwa kwenye ndimi kithibitishe kwamba ulimi umebana kweli. Sisi tukiwa na waya mita chache na vitaa vya bei ya karanga tunaweza kabisa kufanya vilevile mezani, kwa nini tusifanye?

#2 Mdau wa Nairobi

Boss asante kwa kuanzisha hii. Mimi niko na mota za pointi za Peco aina ya PL-10, zinapigwa na CDU, ile saketi ya kapasita inayotoa pigo moja la umeme. Kwa paneli nimeweka swichi ya kurusha yenye sehemu mbili ndani, sehemu moja inachagua koili ya kushoto ama ya kulia, hiyo ingine inachagua LED nyekundu ama ya kijani, halafu kando kuna kitufe cha kufinya ndio point igonge. Inafanya poa tu na waya ni chache. Ubaya uko wapi hapo?

#3 Mwenye uzi

Kaka saketi yako haina kosa la umeme, imekaa safi. Lakini fuata mkono wako taratibu. Unarusha swichi, taa inabadilika saa hiyohiyo kutoka kijani kwenda nyekundu. Kitufe hujabonyeza bado. Pointi haijasogea hata kidogo na paneli tayari inasema imesogea. Mtu akikuita hapo katikati ukageuka kumjibu, ukirudi unaiona taa unapeleka treni, gurudumu la mbele linaingia njia ambayo hukuitaka.

Na hata ukibonyeza, PL-10 ni koili mbili, haina nguvu ya kuendelea kusukuma, inapiga mara moja na kuacha. CDU inajaza kapasita, tuseme ya mikrofaradi 4700, ikifika volti 22 hivi inakuwa imeshika nishati ya kama jouli moja, ukibonyeza inaimwaga yote kwenye koili kwa kishindo halafu kwisha, na uzuri wake ni kwamba hata kitufe kikigoma chini koili haiungui. Lakini pigo ni moja tu. Kama kuna kitu kimezuia ulimi basi umezuiwa, na taa yako haina habari.

Sasa nikueleze namna nne za kuchukua waya wa taa, naanza na inayojua mambo machache zaidi.

Ya kwanza ni hiyo yako, kutoka kwenye swichi. Ya pili ni kuweka rilei ya kujishika, ile ikipata pigo inabaki upande huo mpaka ipate pigo lingine, unaifunga sambamba na koili za mota. Hii ni bora kidogo maana inabadilika pale tu umeme unapofika kweli kwenye mota, kwa hiyo ile hali ya kusahau kitufe inaisha. Ila rilei itaruka hata kama ulimi umekwama, kwa sababu inasikiliza umeme, haigusi chuma. Ya tatu ni swichi inayokaa kwenye mota yenyewe na kusukumwa na pini ya mota, kwa PL-10 kuna PL-13 inayovaa chini yake, kwa mota za Seep kuna PM1 ambayo swichi imo ndani tayari, kwa Tortoise, ile mota ya kwenda polepole, kuna seti mbili za swichi humohumo kwenye boksi. Hapa unajua mota imetembea kweli. Wengi wakifika hapa wanatulia na siwalaumu, ni kazi nzuri.

Ya nne ndo ninayoipigania, swichi inayosukumwa na kile kijiti cha ndimi, au ulimi wenyewe ukitumika kama swichi. Hapo hakuna kitu katikati kinachoweza kuachia au kupinda bila taa kujua.

Na kuna jambo watu hulipita haraka. Swichi ya kawaida ya njia mbili siku zote imegusa upande mmoja, ikiachia huu inashika ule. Kwa hiyo hata ulimi ukisimama katikati taa moja itawaka tu. Inatakiwa kuwe na hali ya tatu, GIZA. Ulimi umebana kushoto, taa ya kushoto. Umebana kulia, taa ya kulia. Haujabana popote, hakuna taa, na hakuna treni inayopita hapo. Wala sio fikra ya kujitungia hiyo. Punje moja ya kokoto, zile kokoto ndogo tunazomwaga katikati ya mataruma, ikiingia kati ya ulimi na reli inatosha kuacha mwanya wa nusu milimita. Kwa macho pointi imefunga kabisa. Gurudumu likifika linaukuta ule mwanya, ukingo wake unapenya nyuma ya ulimi, na behewa linapanda. Taa yenye hali ya giza inakuonyesha mwanya huo kabla treni haijatoka stesheni.

#4 Dada wa Tabora

Kaka shikamoo na hongera kwa somo. Mimi ni mzaliwa wa Tabora ila kwa sasa nipo Dar, nimeanza kujenga stesheni ya Tabora kwenye meza, reli ya kati ilifika pale 1912 na bado naipenda stesheni ile. Sina mota hata moja, pointi zangu navuta kwa waya wa chuma unaopita chini ya ubao mpaka pembeni. Je naweza kuweka taa bila mota? Na swali la pili la mtu asiyejua umeme, rezista napigaje hesabu yake, na nina adapta ya ruta iliyokufa ya volti 12, inafaa? Reli zangu ni za milimita 12 alizoniletea shemeji.

#5 Mwenye uzi

Marahaba dada, karibu sana, na umenifurahisha kwa Tabora. Tena umechagua upana sahihi, reli yetu ya kati ni mita moja kamili, ukiigawa kwa 87 ya kipimo cha HO unapata milimita 11.5, kwa hiyo 12 ni karibu kabisa, ndo wanaiita HOm. Peco na Tillig wanazitengeneza, na zile za TT:120 nazo ni milimita 12 ila mataruma yake yamebanana zaidi maana ni za kipimo kidogo.

Taa bila mota inawezekana kabisa, tena kwako ndo rahisi maana taa haihusiani na mota, inahusiana na ulimi. Chukua kipande kidogo cha ubao wa saketi, ule wenye shaba upande mmoja, upana wa kidole na urefu wa sentimita tatu. Kwa msumeno mdogo au kisu kikali kata mfereji katikati uondoe shaba, upate visiwa viwili vya shaba vyenye pengo. Ugundishe chini ya meza chini ya ule waya wako wa kuvutia. Kwenye waya wa kuvutia lehemu kijiwaya chembamba chenye mkunjo, waya wa shaba nyeusi ya fosfa ni mzuri maana una spring, ukandamize kidogo shaba. Ukivuta huku kijiwaya kinakaa kisiwa cha kushoto, ukivuta kule kinakaa cha kulia, na hapo katikati kinapita juu ya pengo ambapo hakuna kitu. Umepata ile hali ya giza bila kununua swichi yoyote. Fanya hilo karibu na pointi yenyewe, sio pembeni karibu na mkono wako, maana waya mrefu unapinda na kunyooka njiani na utakuwa umerudi kulekule kupima mkono.

Rezista sasa. LED nyekundu au ya njano inakula kama volti 2 yenyewe, adapta ni 12, zinabaki 10 ambazo rezista inatakiwa izibebe. Ukitaka miliampia 10 zipite, gawa 10 kwa 0.010 unapata omu 1000, yaani kilo 1, ile yenye mistari kahawia, nyeusi, nyekundu. Joto lake ni wati 0.1 tu kwa hiyo rezista ya robo wati haitoki hata jasho. LED za siku hizi zinawaka sana, miliampia 10 usiku inakuchoma macho, mimi kwenye paneli naweka kilo 4.7 na inatosha. Nyeupe na bluu zinakula kama volti 3, hesabu ni ileile.

Kwa kuwa taa mbili za pointi moja haziwaki pamoja, rezista moja inatosha kwa zote mbili. Chanya ya adapta inaenda kwenye rezista, kutoka hapo inaenda kwenye kijiwaya kinachotembea, kila kisiwa kinatoa waya mmoja kwenda mguu mrefu wa LED yake, miguu mifupi yote miwili inakutana na kwenda hasi. Mguu mrefu ni chanya, na ukishaikata miguu angalia ukingo wa taa, upande uliobapa ndo hasi.

Adapta ya ruta inafaa sana. Kama ni ya ampea moja ina nguvu kuliko unavyohitaji, pointi 20 kwa miliampia 10 ni miliampia 200 tu. Ipime kwa mita kwanza kabla hujafunga, soma pia kama imeandikwa DC, yaani umeme wa kwenda upande mmoja tu, na hakikisha unajua waya upi ni chanya, usiamini rangi.

#6 Mdau wa Hamburg

Salaam kutoka Hamburg wakuu, jiji la Miniatur Wunderland, kama hamjafika fikeni, ipo kwenye maghala ya zamani ya Speicherstadt tangu 2001, mtu unaweza kukaa siku nzima ukiangalia pointi tu. Mimi natumia Märklin ya zamani, transfoma yangu inatoa volti 16 AC, umeme unaogeuka geuka, kwa taa na pointi. LED zangu zinawaka lakini zinatetemeka na baadhi zimekufa. Rezista nimeweka kilo 1.

#7 Mwenye uzi

Hapo mkuu adui ni AC. LED inapitisha umeme upande mmoja, upande wa pili inazuia, na uwezo wake wa kuzuia ni mdogo, nyingi mwisho volti 5. AC ya volti 16 ukiizidisha kwa 1.414 kilele chake kinafika 22 na ushee, na kila mzunguko kilele hicho kinaigonga LED kwa nyuma, mara 50 kwa sekunde. Rezista haisaidii hapo kwa sababu LED ikiwa imezuia hakuna umeme unaopita, na rezista isiyopitisha umeme haipunguzi volti. Ndo zinakufa moja moja.

Dawa ya haraka, kila LED ifunge diodi ndogo ya 1N4148 sambamba nayo lakini imegeuzwa kichwa chini miguu juu, chanya ya diodi kwenye hasi ya LED. Ule umeme wa kurudi utapita kwenye diodi na LED itaona volti 0.7 tu kwa nyuma. Kutetemeka kutabaki maana inawaka nusu ya muda. Dawa kamili ni kuacha kabisa ile AC kwa ajili ya taa, ununue adapta ya DC ya volti 12 ya peke yake. Mimi nasisitiza hili hata kwa wenye CDU, taa zisile sahani moja na koili, koili ikipiga inanyonya umeme kwa ghafla na taa zote za paneli zinazimika kwa kufumba na kufumbua, unadhani pointi zote zimeachia.

#8 Mdau wa Hamburg

Nimeelewa, nitanunua adapta. Halafu kuna kitu cha hapa Ujerumani kinaendana na hoja yako. Pointi nyingi za zamani kwenye reli kubwa hapa zina kitaa chake palepale kando ya reli, boksi lenye vioo vyeupe, na linageuzwa na ulimi wenyewe kwa fito. Dereva anasoma boksi sio paneli. Märklin walizifanya hata kwenye pointi zao za chuma za zamani, taa inageuka pamoja na pointi.

#9 Mwenye uzi

Asante sana kwa hili mkuu, ndo hoja yenyewe ikiwa imetengenezwa kwa chuma na kioo. Hakuna waya wa kudanganywa, fito tu.

#10 Mdau wa Nairobi

Boss umenishawishi, nabadilisha. Lakini badala ya PL-10 nafikiria kuhamia servo za SG90, mota ndogo za kuamriwa pembe, na Arduino, kile kibao kidogo cha kuandikia programu, vitu vya Luthuli Avenue hivyo, bei iko chini. Sasa Arduino si inajua imeipeleka servo wapi? Niiambie tu iwashe LED, ama bado utanipiga vita?

#11 Mwenye uzi

Nitakupinga kwa upendo kaka. Servo ya SG90 inapokea amri tu, mapigo ya umeme ya milisekunde moja mpaka mbili, mara 50 kwa sekunde, hairudishi jibu lolote kwamba nimefika. Meno ya plastiki ndani yakikatika, mkono ukilegea kwenye skrubu, Arduino inaendelea kuwasha LED kwa imani. Ni ileile namna ya kwanza, isipokuwa sasa mwenye kuamuru ni programu.

Weka maikroswichi mbili, nasema mbili, moja inabanwa pale kijiti kinapofika mwisho wa kushoto, ya pili pale kinapofika mwisho wa kulia. Zilete kwenye pini mbili za kuingiza, na kwenye programu andika masharti matatu: ya kushoto imebanwa washa kushoto, ya kulia imebanwa washa kulia, hakuna iliyobanwa zima zote. Na ya nne, zote mbili zimebanwa kwa pamoja, hilo haliwezekani kwa pointi nzima kwa hiyo ujue waya umegusana, fanya taa zimwekemweke. Muda wa servo kutembea taa zitazima halafu itawaka ya upande mpya, na kile kipindi cha giza kinapendeza sana kukitazama, unaona kabisa pointi inasafiri.

Kuzipanga maikroswichi ndo kwenye kazi. Zifunge kwenye matundu marefu kidogo ili uweze kuzisogeza kabla hujakaza skrubu. Chukua kipande cha karatasi ngumu, kadi ya mwaliko inafaa, kiweke kati ya ulimi na reli halafu ipeleke pointi upande huo. Taa isiwake. Kitoe kipande, taa iwake. Sogeza mpaka ipatikane hali hiyo, kaza, nenda upande wa pili.

LED kwenye Arduino Uno ni volti 5, kwa hiyo rezista ya omu 330 inakupa kama miliampia 9, usipite miliampia 20 kwa pini moja.

#12 Mdau wa Mwanza

Mimi ni fundi redio, mambo ya treni nimeyakuta humu na yamenikolea. Niongeze ujanja mmoja kwa wenye swichi inayojua kufunga na kufungua tu, haina njia mbili. Rezista moja kutoka chanya, baada yake matawi mawili sambamba kwenda hasi. Tawi la kwanza LED ya kijani na diodi moja ya 1N4148 zikifuatana. Tawi la pili LED nyekundu na ile swichi. Swichi ikiwa wazi, kijani inawaka. Swichi ikifunga, nyekundu inataka volti 1.9 tu na tawi la kijani linataka kama 2.8, nyekundu inaivuta volti chini na kijani inazima yenyewe. Taa mbili, swichi ya njia moja.

#13 Mwenye uzi

Fundi hii ni kazi nzuri mno, nimeifunga leo kwenye ubao wa majaribio na inazima safi kabisa. Wadau waijue tu kwamba humo hakuna giza, taa moja itawaka daima, kwa hiyo itumieni kwenye njia za maegesho ambako treni inapita polepole.

Na kwa kuwa fundi kagusa kijani na nyekundu niseme la rangi. Mimi situmii nyekundu kwa ajili ya pointi. Kwenye paneli za reli kubwa hapa Uingereza, njia iliyopangwa inawaka vitaa vyeupe na nyekundu maana yake kuna treni imekaa pale. Ukitumia nyekundu kwa kusema pointi inakata kona, siku ukiongeza taa za kuonyesha treni iko wapi utakuwa na nyekundu mbili zenye maana mbili. Pia wanaume wasiotofautisha nyekundu na kijani ni wengi, huku Ulaya inasemwa karibu mmoja kwa kila 12, na mgeni akija kucheza na treni zako hujui kama yeye ni mmojawapo. Chora ramani ya reli kwenye paneli, toboa tundu la milimita 3 kwenye kila tawi la pointi, weka LED za rangi moja, njano au nyeupe. Tawi lililo na taa ndo lililo wazi. Mtu anasoma mahali, hasomi rangi, na ukisimama mbali unaiona njia nzima kuanzia geti mpaka jukwaa kama mstari.

#14 Mdau wa Nairobi

Na wale wa Tortoise? Nimesikia kuna njia ya kuweka LED bila waya za ziada kabisa.

#15 Mwenye uzi

Ipo. Tortoise inageuka kwa kugeuzwa chanya na hasi, na ikifika mwisho inaendelea kusukuma imesimama, inakula kama miliampia 16 kwa volti 12. Ukiweka LED mbili zilizogeuziana kichwa kwenye mojawapo ya nyaya zake mbili, kabla ya mota, mota inakuwa ndo rezista na LED moja inawaka kutegemea umeme unaelekea wapi. Mota inapoteza volti 2 inakwenda taratibu zaidi, haina shida. Paneli inatoka safi mno, ila hiyo taa inasoma mwelekeo wa umeme, kwa hiyo iko kundi la kwanza. Ukitaka zaidi ya hapo, tumia swichi za ndani ya Tortoise: ina pini nane, ya 1 na ya 8 ni za mota, ya 4 ni ya katikati kwa ajili ya 2 na 3, ya 5 ni ya katikati kwa ajili ya 6 na 7. Tumia seti moja kulisha kile kipande cha chuma pale reli zinapokutana, seti ya pili weka taa. Umeshazilipia, zitumie.

Wenye pointi za Electrofrog, zile ambazo kipande cha katikati pale reli zinapokutana ni cha chuma chenye umeme, nao wana bahati yao. Ndimi na kile kipande cha chuma cha katikati vinapata umeme kutoka reli ambayo ulimi umeibana. Kama hujafunga swichi ya kukilisha, na unatumia DCC, yaani mfumo wa kidijitali wa kuongozea treni ambapo reli ina umeme muda wote, funga LED moja kati ya kipande hicho na reli ya kushoto, nyingine kati yake na reli ya kulia, kila moja na rezista ya kilo 2.2 na ile diodi ya kumlinda kwa nyuma maana DCC nayo inageuka geuka kama AC. Ulimi usipogusa chuma kwa sababu ya kokoto au uchafu, hapa hupati giza, taa zote mbili zinawaka hafifu kwa pamoja, na hiyo ndo alama ya kusimamisha treni. Ulimi wenyewe umekuwa swichi, siijui njia ya moja kwa moja zaidi ya hii. Kwa wanaotumia DC ya kawaida isiwape tabu, taa zitafifia na kung'aa kwa mwendo wa treni, haifai.

#16 Dada wa Tabora

Kaka nimetengeneza ya kwanza! LED za njano mbili, rezista moja, ubao wa shaba nimepata Kariakoo. Zinawaka, nimefurahi mno. Ila nikivuta waya polepole, pale katikati zinawaka zote mbili kwa pamoja, hafifu kidogo. Giza silioni. Na waya wa kuunganisha mpaka kwenye paneli nitumie upi, nimeshauriwa waya wa spika.

#17 Mwenye uzi

Hongera sana dada! Zikiwaka zote hafifu maana yake kijiwaya chako ni kipana kuliko mfereji, kinashika kisiwa cha pili kabla hakijaachia cha kwanza, na ule umeme wa rezista moja unagawanywa kwa taa mbili. Panua mfereji. Angalia mkunjo wa kijiwaya unagusa shaba kwa upana gani, mfereji uzidi hapo, lakini usipanue mpaka kijiwaya kikashindwa kufika kisiwani mwisho wa safari. Sugua kingo kwa msasa laini ili kisikwaruze na kubeba unga wa shaba kuingia kwenye pengo.

Waya wa spika unafaa ila ni mnene bure kwa taa. Tafuta kebo ya mtandao ya zamani, ile ya bluu au kijivu, ina nyaya nane za rangi tofauti ndani. Waya mmoja beba chanya kwenda mezani, sita zinarudi kutoka pointi tatu, mbili mbili, mmoja unabaki wa akiba. Hasi zote zinakutana nyuma ya paneli. Andika kwenye karatasi rangi ipi ni pointi ipi tawi lipi, na ubandike karatasi hiyo nyuma ya paneli. Nyaya hizo ni za uzi mmoja mgumu, usizitumie sehemu inayotembea, kwa kijiwaya chako tumia waya laini wa nyuzi nyingi. Wenye mota za koili msizitumie kwa mota, ni nyembamba mno.

Ukilehemu LED shika mguu kwa koleo ndogo kati ya lehemu na taa, joto liishie kwenye koleo.

#18 Dada wa Tabora

Nimepanua. Sasa hivi pale katikati zinazima zote, nikifika mwisho inawaka moja tu. Nimeweka na kipande cha kadi kati ya ulimi na reli kama ulivyomwambia kaka wa Nairobi, na upande wa Mwanza inabaki imezima vizuri, upande wa Kigoma inawaka hata kadi ikiwepo.

#19 Mwenye uzi

Upande wa Kigoma kisiwa kimesogea mno kuelekea katikati. Usibandue ubao, chukua kisu ukwangue shaba ya kisiwa hicho kidogo kidogo upande wa mfereji, ukijaribu na kadi kila mara mpaka taa igome kuwaka. Ikigoma toa kadi uhakikishe inawaka. Baada ya hapo hamia pointi ya pili, na ule waya wa chanya usiukate, toa tawi tu kwa kila pointi na rezista yake, uendelee nao chini ya ubao mpaka mwisho wa stesheni.